Kuondoa mrundikano kwenye fremu ya fundi cherehani: kazi ya siku moja na nusu

Wanafunzi wangu wakishamaliza na kufungua fremu zao, hunipigia simu na maswali yaleyale. Fundi, nianzie wapi? Nguo za wateja wasiorudi nizifanye nini? Mabaki nitupe au nitunze? Nikipanga leo, mbona baada ya wiki mbili kumerudi kulekule? Nimeona niandike yote mahali pamoja, kwa mfuatano ninaoufuata mwenyewe katika fremu yangu ya Ngamiani, Tanga. Ni chumba cha futi kumi kwa kumi na mbili chenye cherehani mbili, ovaloki moja na wanafunzi wawili. Kama wewe ni fundi viatu au fundi simu, badilisha majina ya vitu tu. Njia ni hiihii.

Kwa nini ujisumbue? Nitakupa sababu yangu. Mwaka fulani, wiki ya mwisho ya Ramadhani, nilikata kitenge cha mteja mmoja kwa vipimo vya mwingine. Vitambaa viwili vinavyofanana rangi vilikuwa vimelala chini ya rundo moja, na karatasi ya vipimo ilikuwa imedondoka. Nililipa kitambaa, nikashona bure, na yule mama hakurudi tena. Nilipokuja kupanga chumba baada ya sikukuu, nilikuta zipu nyeusi kumi na nne, nilizokuwa nimenunua kwa nyakati tofauti kila nilipodhani zimeisha. Tangu siku hiyo nimeacha kuhesabu kupanga chumba kuwa usafi wa ziada. Ni sehemu ya ufundi, sawa na kupima na kukata.

Mashauri mengi ya kupunguza vitu yanakutaka ujiulize kama kitu bado unakihitaji. Kwa fundi swali hilo linapotosha, maana zaidi ya nusu ya vilivyomo ndani si vyako. Swali la kwanza ni: hiki cha nani? Ukishapata jibu, mengine yanafuata kirahisi.

Mpangilio wa hatua sikuubuni mimi. Ni zile S tano za Wajapani za kupanga mahali pa kazi: seiri, seiton, seiso, seiketsu, shitsuke. Ukienda hospitali za serikali hapa Tanzania utazikuta zimebandikwa ukutani kwa Kiswahili: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Hospitali ya Rufaa Mbeya ndiyo iliyoanza nazo mwaka 2007 kwa msaada wa Japani, kisha zikasambaa. Mimi nilizisoma nikiwa kwenye benchi la kusubiri, nimempeleka mgonjwa. Nikalitazama kabati la dawa, kila kopo na jina lake na mahali pake, nikaikumbuka droo yangu ya vifungo. Nadharia inaishia hapo.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Viroba vitano vilivyofuliwa vikakauka
- Turubai au mkeka mkubwa wa kutandika nje
- Makapeni, karatasi ngumu (hata boksi lililokatwa) na uzi wa kufungia
- Daftari la oda na kitabu cha vipimo, hata kama vimechakaa
- Sumaku. Kama huna, fundi redio atakupa ya spika mbovu
- Makopo yenye mifuniko, makubwa kwa madogo
- Ufagio, brashi ndogo, kitambaa kikavu na mafuta ya cherehani
- Simu yenye salio la kutosha, maana utapiga simu nyingi
- Mtu mmoja wa kukusaidia, awe anayejua kunyamaza unapohesabu

Chagua siku vizuri. Usianze wiki ya sikukuu, wala mwanzoni mwa Januari wakati wa sare za shule. Kwangu siku nzuri ni katikati ya mwezi wa Shaabani, kabla oda za Idi hazijafurika. Hakikisha huna nguo uliyoahidi kuitoa kesho yake. Na iwe siku isiyo na dalili ya mvua, kwa sababu vitu vyote vitatoka nje.

Hatua kwa hatua

1. Funga kazi kweli. Bandika karatasi mlangoni: leo hatupokei oda, kesho mchana tupo. Ukiacha mlango wazi nusu nusu atakuja mtu wa kupunguziwa suruali, utakaa kwenye cherehani, na siku imekwisha.

2. Chomoa umeme, piga picha. Pasi, ovaloki na taa ya mezani vyote vitoke kwenye soketi. Kisha piga picha za chumba kutoka kila kona. Picha hizo utazihitaji baadaye.

3. Toa vitu vyote nje. Ni vyote, pamoja na lile boksi lililo chini ya meza ambalo unajua kilichomo. Cherehani na meza nzito vibaki ndani. Kosa kubwa hapa ni kupanga kona moja moja huku vitu vikiwa ndani. Utavihamisha tu kutoka kona hii kwenda ile na jioni utachoka bure. Chumba kikiwa kitupu ndipo utakapojua ukubwa wake.

4. Gawanya kwa swali la "cha nani?". Andika viroba vyako hivi: *cha mteja*, *changu cha kazi*, *cha kuazima*, *taka*, *sijui*. Shika kitu kimoja, jibu, weka, shika kingine. Usianze kukunja wala kufuta vumbi.

Kiroba cha *cha kuazima* kitakushangaza. Kwangu kilitoka mkasi wa fundi jirani, kamba ya umeme ya mwenye mgahawa, na chupa ya chai ya watu ambayo wameitafuta mpaka wakanunua nyingine. Virudishe siku hiyohiyo, kwa mkono wako, na uombe radhi.

Kiroba cha *sijui* kifungie karatasi nyekundu yenye tarehe ya leo. Vitu vyake vina siku thelathini. Kisichotafutwa ndani ya siku hizo kinatoka. Usiruhusu kiroba cha pili cha *sijui*. Kimoja kikijaa, lazima uamue.

5. Nguo na vitambaa vya wateja. Tenga nusu ya muda wako kwa hatua hii peke yake. Kaa chini na daftari la oda.

Kila nguo au kitambaa kiandikie kipande cha karatasi ngumu: jina la mteja, namba ya simu, tarehe ya kupokea, kazi inayotakiwa, kiasi alicholipa na kilichobaki. Kifunge kwa uzi. Usitumie pini za steplesi. Kwa hewa hii ya pwani hushika kutu ndani ya muda mfupi na doa la kutu kwenye kitambaa cheupe hutoka kwa shida sana. Usiandike kwa makapeni juu ya kitambaa chenyewe, hata pembeni, hata kidogo.

Kila kitambaa kikae na vitu vyake: bitana, zipu, vifungo alivyoleta mteja, na mabaki yake. Funga pamoja kama furushi moja. Hapo ndipo utaona kwamba kuna furushi lisilo na jina na jina lisilo na furushi. Usibahatishe. Pekua kitabu cha vipimo, tazama tarehe, muulize mwanafunzi aliyepokea. Lisilotambulika kabisa lipige picha, halafu lilinganishe na wateja waliolalamika.

Kisha zigawe nguo katika mafungu matatu: zilizokamilika, zinazoendelea, zisizoguswa. Zilizokamilika piga simu zote leo. Maneno yawe mafupi na ya heshima: "Habari ya leo, dada. Ni fundi wako wa Ngamiani. Gauni lako la kitenge limeshakamilika, limebaki elfu nane. Nipo kuanzia kesho mchana mpaka saa 12 jioni." Usimseme mteja kwa kuchelewa. Mara nyingi aliyeacha nguo muda mrefu anaona haya kwa sababu hela ilipungua. Mwambie anaweza kulipa nusu na nyingine baadaye, utaona anakuja. Safari ya kwanza nilipofanya hivi, wateja tisa walikuja ndani ya siku nne, na pesa ile ililipa kodi ya fremu ya mwezi mmoja. Ilikuwa imening'inia ukutani siku zote hizo.

Zile za zamani, ambazo mwenyewe hapatikani, zina hatua zake. Kuanzia sasa andika kwenye risiti sharti la muda wa kuchukua nguo, na umsomee mteja anapotoa advansi. Mimi nimeweka miezi mitatu ya kusubiri, simu tatu katika siku tofauti, na miezi mingine mitatu kwenye kiroba, ndipo nguo iuzwe. Lakini nguo zilizokuja kabla ya sharti hilo usiziuze kimyakimya. Niliandika orodha nikaipeleka kwa mwenyekiti wa mtaa awe shahidi kwamba nimewatafuta wenyewe. Imenisaidia zaidi ya mara moja.

6. Mabaki. Kwanza yale yanayojulikana ya nani: mrudishie mwenyewe pamoja na nguo yake. Fundi anayerudisha hata kipande cha kilemba hahitaji kujitangaza.

Yaliyo yako yapange kwa ukubwa. Madogo kuliko kiganja yaende kwenye kiroba cha kujazia mito. Ya kuanzia kiganja hadi nusu yadi ni ya wanafunzi kujifunzia, vishikio vya sufuria na mifuko midogo. Kuanzia nusu yadi kwenda juu, kunja, andika urefu, weka rafuni. Kila fungu liwe na kiroba kimoja au boksi moja. Likijaa, toa kabla ya kuongeza.

Mabaki usiyachome. Mengi ya vitambaa vya siku hizi yana nailoni au poliesta ndani yake, na moshi wake ni mbaya kwa mapafu. Kama hujui kitambaa ni cha aina gani, chomoa uzi mmoja, ushike kwa koleo, uwashe mbali na vitambaa vingine. Pamba huwaka kama karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta huyeyuka, ikajikunja na kuacha punje ngumu nyeusi. Kipimo hiki kinafaa pia unapopanga vishikio vya sufuria: kishikio cha poliesta kitayeyukia mkononi.

7. Sindano, pini na vitu vidogo. Pitisha sumaku sakafuni kabla ya ufagio. Pini zilizomo kwenye nyufa za sakafu hazionekani, na watoto wa wateja huingia peku.

Sindano zilizovunjika au kupinda ziingie kwenye kopo la dawa lenye mfuniko, lifungwe kwa selotepu likijaa. Usizitupe wazi kwenye taka. Sindano nzima zitenganishe kwa namba: 90/14 kwa kitenge na vitambaa vya kawaida, 100/16 kwa jinzi, 70/10 kwa vitambaa vyepesi. Halafu zitenganishe kwa shina: za cherehani ya nyumbani zina upande mmoja bapa, nyingi za viwandani ni mviringo. Wanafunzi wengi wanaolalamika kwamba cherehani inaruka mishono huwa wamechukua sindano isiyo yake kutoka kwenye kopo moja la mchanganyiko.

Vifungo: chupa za kioo au za plastiki zinazoonyesha ndani, kwa rangi. Zipu: zifungwe kwa urefu. Bobini: usiache bobini tano zenye nyuzi nusu za rangi ileile.

8. Rudisha ndani kwa mkono, siyo kwa macho. Kaa kwenye kiti chako cha cherehani, nyoosha mkono. Kinachotumika kila mshono kikae ndani ya hapo: mkasi mdogo, bobini, pini, chaki. Kinachotumika mara kadhaa kwa siku kikae unapofika kwa kusimama. Cha mara moja kwa wiki kiende rafu ya juu.

Mkasi mkubwa, futi, rula na mkasi wa karatasi vitundike kwenye ubao wa plaiwudi ukutani, kisha chora umbo la kila kimoja kwa makapeni. Jioni ukitazama ubao, umbo lililo tupu linakuambia kilichopotea. Mkasi wa kitambaa ufunge utepe mwekundu na asiukatie mtu karatasi.

Meza ya kukatia haina kitu juu yake. Wala simu. Wala chai. Ukikubali kitu kimoja, kesho vitakuwa saba, na ndivyo kitenge cha yule mama kilivyoharibika.

Kona ya pasi iwe mbali na viroba, na njia ya mlangoni ibaki wazi wakati wote. Vitambaa na umeme kwenye chumba kimoja ni hatari ya kweli. Moto ukianza kwenye mabaki una muda mchache sana wa kutoka. Mafuta ya cherehani yakae chini, ndani ya beseni, yasije yakadondokea nguo za watu.

Vitambaa usivilaze sakafuni wala kuviegemeza ukutani. Weka mbao chini yake, acha nafasi ya upana wa kiganja nyuma.

9. Safisha cherehani yenyewe. Toa sindano, fungua sehemu ya bobini, ondoa manyoya ya nyuzi kwa brashi. Usipulize kwa mdomo, unyevu unaingia ndani. Tone moja la mafuta kila tundu, kisha shonea kitambaa kibovu mpaka mafuta yaache kutoka kwenye uzi.

10. Andika kanuni tatu, ubandike. Zikizidi tatu hakuna atakayezisoma. Zangu ni hizi: hakuna furushi bila karatasi, hakuna kitu mezani baada ya kazi, dakika kumi za mwisho ni za kupanga. Hizo dakika kumi ziwe ndani ya saa za kazi, kabla ya kufunga. Ukisema utafanya baada ya kufunga, utakuwa umechoka na daladala inasubiri.

Nyumbani na kwenye simu

Mkono ukishazoea fremu, nyumbani ni kazi ndogo, na swali ni lilelile. Anza na jikoni: bakuli za jirani zilizokuja na futari, sufuria kubwa la shughuli ya mwaka jana, sahani zenye alama za rangi ya familia nyingine. Rudisha hizo kwanza, kabati litapumua kabla hujatupa chochote chako. Mizigo ya ndugu waliohama usiigawe bila kuwauliza, hata kama imekaa miaka.

Nguo zako mwenyewe zipitie mara mbili kwa mwaka. Khanga ambazo doti yake imeachana, moja ipo na mwenzake haonekani, mimi nazifanya foronya au nepi za wajukuu.

Simu ya fundi hujaa picha za mishono. Fungua albamu nne tu: wateja, mitindo ya wanawake, ya wanaume, ya watoto. Zima upakuaji wa picha wa moja kwa moja kwenye WhatsApp, na kila Ijumaa futa za wiki. Picha ya vipimo vya mteja usiiache kwenye simu peke yake. Inakiliwe kitabuni siku hiyohiyo.

Ukikwama

*Siwezi kufunga siku nzima.* Fanya kila jioni sehemu moja kwa mfuatano huu: meza ya kukatia, nguo za wateja, sindano na vifungo, mabaki, kisha ukuta. Ni wiki moja. Usianze na mabaki. Ndiyo yanayokula muda na kukukatisha tamaa.

*Baada ya wiki mbili kumerudi kulekule.* Linganisha na zile picha za mwanzo. Tazama kitu kilichotangulia kurudi mezani. Karibu kila mara ni kitu ambacho mahali pake pako mbali na kinapotumika. Sogeza mahali pake pawe karibu, usimgombeze mwanafunzi.

*Ninashirikiana fremu na mwenzangu naye hataki.* Panga upande wako tu, usiguse chake hata pini. Wanangu wawili wa kazi walianza hivyo. Mwenzao alikuja mwenyewe kuomba karatasi za kuandikia mafurushi, baada ya kuona wao hawatafuti kitu.

*Nimetoa kitu kisha nikakihitaji.* Kama kilipita kwenye kiroba chenye karatasi nyekundu kwa siku thelathini, kubali hasara hiyo. Kama hakikupita, ulifanya haraka.

*Mteja amerudi baada ya mwaka, nguo iliuzwa.* Mwonyeshe risiti na tarehe za simu. Kama nguo yake ilipokelewa kabla hujaweka sharti, mlipe au mshonee nyingine.

*Vitambaa vinanuka ukungu.* Hasa masika, Machi hadi Mei. Vitoe nje asubuhi vikapigwe na upepo, kivulini kwa vile vyenye rangi kali, na ukague kama ukuta una maji. Kitenge kilichoanza madoa meusi mwonyeshe mwenyewe kabla hujakikata.